Masika Yakipasua Shamba, Nani Atalipa?

Ndugu mkulima wa Kibuyuni, na wewe wa skimu nyingine za Kwale, shauri letu la mwezi huu ni la fedha, lakini kwanza ni la udongo. Kila mwaka masika yakiingia, hasa mwezi wa Mei, mvua ya pwani hunyesha kwa nguvu. Maji yasipozuiwa huchukua udongo wa juu, hubomoa matuta, hung'oa miche ya mikorosho na kuacha mifereji palipokuwa na mahindi. Ndipo watu huulizana barazani: "Je, Serikali italipa?" Wako wasemao italipa yote. Wako wasemao haitalipa hata senti moja. Hawa na wale wamekosea, na makosa yao yamewapotezea wengi haki zao.

Ukweli ni huu. Iko misaada ya fedha za umma kwa ajili ya kuhifadhi ardhi, na iko misaada ya dharura. Lakini kila msaada una mlango wake, na kila mlango una ufunguo wake. Asiyejua mlango hubaki nje na mvua inamnyeshea. Yafaa basi tuyatazame mambo haya moja moja, ili masika yajayo yasikukute umekaa ukingoja.

HASARA YENYEWE NI KIASI GANI?

Kabla ya kuuliza nani atalipa, jua kwanza ni nini kilichopotea. Wakulima wengi huhesabu mahindi yaliyoanguka, wala hawahesabu udongo uliokwenda.

Twaa ekari moja. Mvua ya milimita 50 ikinyesha siku moja, ekari hiyo hupokea karibu lita 200,000 za maji. Hayo ni mapipa 1,000 ya lita 200 kila moja. Maji mengi namna hiyo hayakosi njia. Usipoyapa njia wewe, yatajitafutia yenyewe, na njia yao ni katikati ya shamba lako.

Sasa tazama udongo. Maji yakichukua udongo wa unene wa milimita 1 tu katika ekari moja, udongo huo hupata karibu tani 5. Ni mzigo wa lori. Wewe hukuona lori likipakia, wala hukupokea malipo, lakini mzigo umekwenda.

Kwa watu wa Kibuyuni jambo hili ni zito kuliko kwa wengine. Ardhi ya upande wa Shimoni imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Penye udongo mzuri, udongo huo mara nyingi si wa kina kirefu. Jembe halikawii kugonga jiwe. Mkulima wa nchi yenye udongo wa kina cha mita 2 akipoteza kidogo, bado ana akiba chini. Wewe huna akiba hiyo. Udongo wako ukiisha, hakuna ruzuku duniani iwezayo kuurudisha.

RUZUKU NI NINI, NA SI NINI?

Ruzuku ni sehemu ya gharama ambayo Serikali hujitwika kwa ajili ya kazi yenye faida kwa mkulima na kwa nchi. Angalia neno hilo: sehemu. Sehemu nyingine hubaki kwa mkulima mwenyewe, ama kwa fedha, ama kwa nguvu za mikono yake.

Ruzuku si fidia. Fidia humlipa mtu kwa kitu alichopoteza. Ruzuku ya kuhifadhi ardhi humsaidia mtu kufanya kazi: kuchimba mfereji, kupanga mawe, kupanda nyasi, kurudisha tuta lililobomoka. Aendaye ofisini na kusema, "Mahindi yangu yamekufa, nilipeni," huenda akaambiwa hakuna fungu la namna hiyo. Lakini asemaye, "Maji yamebomoa makinga maji yetu sita, nasi tuko tayari kuyajenga upya, tunahitaji msaada wa mawe, vyombo na mbegu za nyasi," huyo amesema lugha ambayo mafungu mengi yanaielewa.

Kadhalika, ruzuku si mkopo, wala si zawadi ya mtu. Fedha hizo ni za kodi, au ni fedha ambazo nchi imepewa au imekopa kwa jina lako na la watoto wako. Mtu akikuambia umpe kitu kidogo ndipo aandike jina lako, jua kwamba anauza kisicho chake. Usinunue. Mtaje mbele ya mkutano, au peleka habari kwa wakubwa wake.

TULIKOTOKA

Shauri hili si geni katika Kenya. Katika miaka ya 1930 nchi ya Marekani ilipata msiba mkubwa wa vumbi. Mashamba yaliyolimwa bila kinga yalikauka, na upepo ukaupeperusha udongo mamia ya maili. Mwaka 1935 Marekani ikatunga sheria ya kuhifadhi udongo, na mwaka uliofuata ikaanza kuwalipa wakulima walioacha mazao yanayochosha ardhi na kupanda yanayoishika. Hofu ya msiba huo ilifika mpaka huku. Serikali ya kikoloni ikaanza kuhimiza matuta katika sehemu nyingi za Kenya.

Lakini namna ya kuhimiza ilikuwa ya amri. Watu waliitwa kuchimba matuta kwa lazima, na mzigo mkubwa ukawaangukia wanawake. Mwaka 1947 na 1948 huko Murang'a watu, wanawake wakiwa mbele, walikataa. Matuta mengi yaliyochimbwa kwa lazima hayakutunzwa, nayo yakabomoka. Hapo pana funzo: tuta lisilo na mwenyewe halidumu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali iliweka mpango wa kuendeleza ardhi za Waafrika, uliojulikana kwa jina la ALDEV, ambao kazi zake ziliendelea hadi mwanzo wa miaka ya 1960. Fedha zake zilitumika kwa mabwawa, kuhifadhi udongo na kuwapa watu makazi mapya. Skimu ya Shimba Hills hapa Kwale ilikuwa mojawapo ya kazi zake. Wako wakulima wa Kwale leo ambao mashamba yao yalianzia katika mpango huo.

Wakati huohuo huko Ukambani watu walianza kupenda tuta la namna nyingine, linaloitwa "fanya juu", kwa sababu udongo hutupwa upande wa juu wa mfereji. Walilichimba kwa vikundi vyao vya kusaidiana vinavyoitwa mwethya. Watu wa Machakos waliendelea nalo hata baada ya amri za kikoloni kwisha, kwa sababu waliona kwa macho yao kwamba lilizuia maji na kuongeza mavuno. Mwaka 1974 Serikali ya Kenya, kwa msaada wa Sweden, ilianzisha mpango wa taifa wa kuhifadhi udongo, na tangu 1988 kazi ikawa inafanywa kwa eneo zima la mteremko mmoja, majirani wote pamoja, badala ya shamba moja moja. Sababu yake ni nyepesi: maji hayajui mpaka wa shamba. Ukijenga wewe na jirani wa juu asijenge, maji yake yatabomoa kazi yako.

WENZETU WA MAREKANI HUFANYAJE?

Yafaa kuutazama mpango mmoja wa Marekani, kwa maana ndio unaolingana sana na swali letu. Idara ya Kilimo ya huko ina mpango wa dharura wa kuhifadhi ardhi ya mashamba, uliowekwa na sheria ya mwaka 1978. Mafuriko, tufani au ukame mkali ukiharibu ardhi, mkulima huweza kuomba msaada wa kuondoa takataka zilizoletwa na maji, kusawazisha ardhi iliyopasuka, kujenga upya ua na makinga maji, au kupata maji ya dharura kwa mifugo.

Mpango huo kwa kawaida hulipa hadi asilimia 75 ya gharama. Wakulima wenye uwezo mdogo huweza kupata hadi asilimia 90. Mazao yaliyopotea hayamo; hayo yana mipango mingine. Mkulima hupeleka ombi, shamba likakaguliwa, kazi ikakubaliwa, kisha akaifanya, na malipo hufuata. Aanzaye kazi kabla ya ombi lake kushughulikiwa huenda akakosa yote. Na katika kukubali maombi imo kamati ya wakulima wa hapohapo, ambao wengi wao wamechaguliwa na wakulima wenzao.

Sisi hatuna mpango mmoja wenye jina hilo na sheria hiyo. Lakini desturi zake nne zinafaa kuigwa na kila skimu: ushahidi kabla ya kazi, mchango wa mkulima, malipo kwa kazi iliyoonekana, na kamati inayowajua watu wake.

MILANGO ILIYOKO KWETU

Mlango wa kwanza ni fungu la dharura la kaunti. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 inairuhusu kaunti kuweka fungu la dharura lisilozidi asilimia 2 ya mapato yake yote. Fungu hilo ni kwa jambo la ghafla lisiloweza kungoja bajeti, lenye kutishia maisha ya watu au mazingira. Basi fahamu: masika ya kila mwaka si dharura, kwa sababu huja kila mwaka. Mvua kama ya vuli ya 2023, mwaka wa El Nino, ndiyo iliyo dharura. Na fungu hilo hugawanywa kwa mahitaji mengi: chakula, barabara, hospitali, watu waliohamishwa. Mto Umba ukifurika na maji yakaingia Vanga, watu wa huko watatangulizwa, nayo ni haki.

Mlango wa pili ni fedha za mabadiliko ya tabia nchi. Mwaka 2021 Serikali, kupitia Hazina ya Taifa, ilianzisha mpango wa kupeleka fedha hizo katika kaunti, na kuwafanya watu wa kila wadi wachague kazi wanazozitaka kupitia kamati ya wadi. Kuhifadhi udongo na maji ni miongoni mwa kazi zinazofaa. Kibuyuni iko katika wadi ya Pongwe/Kikoneni. Swali la kumwuliza mwenyekiti wa kamati ni hili: mwaka huu tumeandika kazi gani, na katika kazi hizo matuta yamo?

Mlango wa tatu ni miradi ya kilimo inayosaidia vikundi. Mradi wa NARIGP, ulioanza 2016 na ambao sasa umekwisha, uliifikia Kwale na kutoa ruzuku kwa vikundi vya wakulima, pamoja na kazi za kutunza ardhi. Mradi wa KEMFSED, uliokubaliwa mwaka 2020, uliwekwa kwa kaunti za pwani na watu wanaoishi kwa bahari. Miradi huja na kwisha. Kinachobaki ni kikundi chenye daftari, akaunti ya benki na cheti cha usajili. Kikundi cha namna hiyo mradi wowote ukija unakikuta tayari. Watu wanaokimbilia kuunda kikundi siku mradi unapotangazwa mara nyingi huchelewa.

Mlango wa nne ni mbolea ya ruzuku. Mwezi wa Septemba 2022 bei ya mfuko wa kilo 50 ilishushwa hadi shilingi 3,500, na mwezi wa Agosti 2023 ikashushwa tena hadi shilingi 2,500. Huo si msaada wa kuhifadhi ardhi, lakini una maana kubwa hapa. Ukitia mbolea katika shamba lisilo na kinga, mvua ya kwanza kubwa itaichukua pamoja na udongo. Serikali imelipa sehemu yake, wewe umelipa yako, na vyote vimekwenda na maji. Tuta ndilo linaloifanya ruzuku ya mbolea ikae shambani.

ANAYEACHWA NYUMA

Sasa tuseme jambo ambalo watu hulinong'ona. Msaada ukija, wa kwanza kuupata ni mwenye karatasi. Mwenye hatimiliki hutangulia. Mwenye barua ya kugawiwa hufuata. Asiye na barua hubaki akitazama. Huku pwani shauri la ardhi limekuwa gumu kwa muda mrefu, na wako watu waliozaliwa juu ya shamba, wakapanda minazi ambayo sasa ni mirefu, na hawana karatasi hata moja.

Tena wako wanawake. Kibuyuni mama ndiye alimaye, lakini jina lililoandikwa ni la mumewe, ambaye huenda yuko Mombasa kazini au amekwisha kufariki. Ujumbe wa simu wa mbolea huenda kwenye simu ya mtu ambaye hajashika jembe miaka 10.

Dawa zake ziko, ingawa si za siku moja:

Kwanza, kila alimaye ajiandikishe kwa Bwana Shamba au Bibi Shamba wa wadi na kwa chifu, kwa jina lake na namba yake ya simu. Daftari la wakulima huandika mtu analima wapi na nini. Kuandikishwa huko si hatimiliki, wala hakumpi mtu ardhi, lakini humfanya aonekane.

Pili, mjane na watoto wasiache shamba la skimu katika jina la marehemu. Fuateni urithi mahakamani mapema. Kila mwaka unaopita unaongeza warithi na ugomvi.

Tatu, mwenye barua ya kugawiwa ambaye hajamaliza malipo yake ya skimu aende ofisi ya makazi ajue deni lake limebaki kiasi gani. Deni lisilojulikana huwa kubwa kuliko lilivyo.

Nne, asiye na karatasi aingie katika kikundi. Kazi ya mteremko mzima huombwa na kikundi, na makinga maji yakijengwa kwa mteremko mzima hayawezi kuruka kipande chake.

KAZI YENYEWE: ANZA NA ULICHO NACHO

Usingoje fedha ili uanze. Ziko kazi ambazo gharama yake ni jasho tu, nazo ndizo zitakazoonyesha wakaguzi kwamba wewe ni mtu wa kusaidiwa.

Tafuta usawa wa ardhi. Tengeneza fremu ya herufi A: miti miwili ya urefu wa mita 2 ifungwe pamoja juu, na fito moja ipite katikati. Ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Isimamishe, weka alama pale kamba inapopita kwenye fito. Geuza miguu, ya kulia iwe kushoto palepale, uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembea nayo shambani, mguu mmoja ukibaki na mwingine ukitafuta mahali ambapo kamba inasimama katikati, huku ukichomeka vijiti. Mstari wa vijiti ndio njia ya tuta.

Penye udongo mfupi panga mawe. Mkulima wa Kibuyuni hulalamika juu ya mawe, kumbe ameletewa vifaa mlangoni. Panga mawe kwenye mstari wa usawa, makubwa chini, madogo yazibe nafasi. Maji yatapita polepole, na udongo utabaki nyuma ya mawe. Mwaka baada ya mwaka ngazi itajijenga yenyewe.

Penye udongo wa kina chimba fanya juu. Mfereji uwe na upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, udongo utupwe juu, kisha upande nyasi juu ya tuta. Mteremko ukishuka mita 5 kwa kila mita 100, acha karibu mita 20 kati ya tuta na tuta. Ukishuka mita 10, acha mita 13 au 14. Bwana Shamba atakusaidia kupima.

Funika udongo. Panda kunde na pojo katikati ya mahindi. Makumbi ya nazi na majani makavu yasichomwe. Yatandazwe chini ya minazi na mikorosho. Tone la mvua linaloanguka juu ya majani halina nguvu ya kupasua udongo.

Panda miti mpakani. Kanuni za mwaka 2009 zilimtaka mkulima awe na miti katika asilimia 10 ya shamba lake. Mvinje na mwarubaini hukua vizuri huku, na mvinje huleta fedha za boriti.

BAHARI NAYO INATAZAMA

Kibuyuni inajulikana nchini kote kwa mwani. Wanawake wa kijiji hiki, kwa msaada wa watafiti wa KMFRI na wengine, wamefanya ukulima wa baharini kuwa kazi ya mji. Lakini mwani hupenda maji safi yenye chumvi. Maji matamu mengi ya mvua yakishuka, tena yakiwa na tope, mwani huumwa na kukatika. Basi udongo unaotoka shambani mwako unaweza kuwa hasara mara mbili: mara moja katika mahindi ya nchi kavu, mara ya pili katika kamba za mkeo, dada yako au jirani yako baharini.

Tena upande wetu huu umekwisha kuonyesha kwamba kutunza mazingira kunaweza kulipwa, hata bila dharura. Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wamekuwa wakiuza hewa ya ukaa ya mikoko yao tangu 2013. Fedha zimekwenda katika maji ya bomba na shule. Vanga, Jimbo na Kiwegu walifuata baadaye. Hawakulipwa kwa kulia hasara. Walilipwa kwa kazi iliyopimwa, mti kwa mti, mwaka kwa mwaka, na kila mwananchi anaweza kuuliza fedha zimetumikaje. Huo ni mfano wa kuigwa na wa nchi kavu.

MASWALI WAKULIMA WAULIZAYO

Je, nisubiri mkaguzi kabla ya kuziba mfereji uliopasuka? Piga picha kwa simu kwanza, ukionyesha kitu cha kudumu kama nyumba au mnazi ili mahali pajulikane, na siku iandikwe. Kisha mwite chifu au Bwana Shamba aone. Ikiwa maji yanaendelea kuharibu, ziba kwa muda kwa magunia au matawi. Kazi kubwa ya kudumu, kama unaiombea msaada, ingoje ikaguliwe. Na kumbuka, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Je, risiti zina faida gani? Kubwa sana. Mwaka 2024 ilipogunduliwa kwamba wakulima wengine nchini waliuziwa mbolea bandia ndani ya mpango wa ruzuku, Serikali iliahidi kuwafidia. Mwenye risiti na jina katika daftari alikuwa na la kuonyesha. Mwenye maneno matupu alikuwa na maneno matupu.

Je, tukiomba tusipate? Ulizeni sababu kwa maandishi. Bajeti ya kaunti hupitia mikutano ya wananchi, nayo Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kutekeleza mipango ya kuhifadhi udongo na maji. Watu 40 wa Kibuyuni wakihudhuria mkutano wa bajeti na kusema neno moja, neno hilo huandikwa. Mtu mmoja akilalamika njiani, upepo wa kusi huchukua maneno yake.

Je, tukipata, ndiyo mwisho wa shida? Hapana. Tuta lililojengwa kwa ruzuku likiachwa miaka 2 bila kutunzwa hurudi kuwa mteremko. Serikali hulipa mara moja. Mkulima hutunza kila mwaka. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na mtegemea cha Serikali peke yake hana heri zaidi.

KABLA YA MASIKA YAJAYO

Ndugu mkulima, fanya mambo matano haya kabla mawingu hayajakusanyika:

1. Hakikisha jina lako na namba ya simu yako vimo katika daftari la wakulima la wadi.

2. Tembea shambani mvua ikinyesha, uone maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Shamba likiwa kavu halisemi ukweli.

3. Kaa na jirani wa juu na jirani wa chini, mpatane juu ya njia ya maji. Mpatane mkiwa mmekaa, msingoje mgombane mkiwa mmesimama.

4. Piga picha za matuta na mawe uliyokwisha kupanga, ili yakibomolewa ijulikane yalikuwapo.

5. Anza mstari mmoja. Familia moja ikipanga mita 10 za mawe kila Jumamosi, katika majuma 10 itakuwa imefikisha mita 100.

Ruzuku ikija, itakukuta kazini, nayo itakusukuma mbele. Isipokuja, udongo wako utakuwa bado uko kwako. Mwamba wa Kibuyuni uko karibu na jembe. Udongo ulio nao juu yake ndio mali yako, na wa kwanza kuulinda ni wewe.